Shangazi, penseli ya mke wangu inaninyima usingizi

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Mtwara mjini na mke wangu na watoto wetu wawili. Huu ni mwaka wa 14 wa ndoa yetu. Kazi yangu ni ukarani wa mizani kwenye chama cha msingi huko Tandahimba, kwa hiyo msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba mimi si mtu wa nyumbani tena. Nalala ghalani, narudi Jumapili mojamoja, vumbi la magunia limenijaa hadi kwenye kope. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha Kiingereza. Yeye ni mtu wa vitabu. Mimi niliishia kidato cha nne, na tangu hapo nilichokuwa nasoma ni stakabadhi na magazeti ya kufungia maandazi.

Desemba ya mwaka juzi alikwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani ya taifa, akarudi na kitabu kinene cha mtumba alichonunua kwa wauza vitabu wa barabarani. Kinaitwa Anna Karenina, kimeandikwa na Mrusi mmoja, Tolstoy. Kitabu hicho kikawa hakimtoki mkononi. Akipika, kiko juu ya ndoo ya unga. Usiku anasomea tochi ya simu. Nikimuuliza kinahusu nini, ananijibu, "Kinahusu watu tu."

Aprili mwaka huu, yeye yuko shule, nikakifungua. Ndani nikakuta mistari ya penseli. Kukisoma chote sikuweza, kina kurasa zaidi ya mia nane na Kiingereza chake si cha mtu kama mimi. Nilisoma palipopigwa mstari tu, kamusi pembeni, wiki tatu nzima, nikisikia geti nakirudisha mahali pake. Nikaelewa kuwa Anna ni mke wa mtu, mumewe ni mkubwa serikalini, akampenda ofisa wa jeshi, na mwisho akajitupa relini.

Mstari wa kwanza uko kwenye sentensi ya kwanza kabisa, ile isemayo kwamba familia zenye raha hufanana, na isiyo na raha kila moja ina lake. Nikajiuliza, ina maana sisi hatuna raha? Mstari wa pili ndio ulionimaliza. Anna anarudi safari, anashuka kwenye treni, mumewe amekuja kumpokea, na kitu cha kwanza anachokiona ni masikio ya mumewe. Anashangaa yamekuwaje. Shangazi, mimi nina masikio makubwa. Shuleni waliniita Sungura. Mke wangu mwenyewe wakati wa uchumba alikuwa akiyashika na kucheka. Siku hizi nikikaa kwa kinyozi nayatazama hayo tu.

Mistari mingine ni ya mapenzi, aibu, na mahali pamoja Anna anashangaa jinsi uongo unavyomtoka kirahisi mbele ya mumewe. Kuna na ukurasa mzima na zaidi wa watu wanakata majani shambani, huo niliuruka, sikuona cha maana.

Halafu ndani ya jalada la nyuma kuna herufi, na huo ni mwandiko wa mke wangu, naujua: J, u, b, n, k, m, na mwishoni alama ya kuuliza. Pale shuleni kuna mwalimu mwenzake ambaye jina lake linaanza na J. Wanasimamia pamoja klabu ya wanafunzi ya kusoma.

Tangu siku hiyo mimi si mtu. Nimepekua simu yake, sikuona kitu. Nilimpa kijana wa bodaboda elfu kumi amfuatilie siku tatu. Akaniambia mama katoka shule, kapitia Feri kanunua dagaa, karudi nyumbani. Nikaona hata huyu bodaboda ananificha. Wiki iliyopita alichelewa kidogo, nikamshika mkono kwa nguvu mbele ya mtoto wetu mdogo. Nikamwachia mwenyewe. Alinitazama, hakusema neno, akaenda kuwasha jiko.

Sisemi mimi ni malaika. Msimu wa 2018, ule ambao Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzibeba, nilikaa kijijini miezi karibu mitatu mfululizo, yakatokea mambo na mwanamke mmoja. Yalikwisha, mke wangu hajui, na si hoja yangu leo.

Hoja yangu ni hii. Nimeandika kwenye daftari maneno ya kumwambia, kwa vipengele, la kwanza hadi la saba. Nimwite nimsomee? Au niende Newala kwa mjomba wake, nimkabidhi kitabu kiwe ushahidi? Au nikichome moto nikae kimya? Mwanamke asiye na jambo moyoni kitabu kama hiki anakisomea nini?

Mwenye Masikio,
Mtwara.

*

Marahaba, mwanangu Mwenye Masikio.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka nilipofika kwenye masikio, unisamehe. Nilipoirudia sikucheka, maana niliona mtu ambaye wiki tatu amekaa peke yake na kamusi, anamtafuta mkewe ndani ya kitabu cha Mrusi, na mke mwenyewe yuko chumba cha pili anasahihisha madaftari.

Nikikuelewa vizuri, umekuta alama kwenye kitabu, na kwako alama hizo zimekuwa maungamo ya mke wako. Unachotaka kujua ni kama umpe hotuba, umpeleke kwa mjomba, au uunguze karatasi. Yote hayo matatu yanakuja baada ya hukumu kwamba kosa lipo. Ndiyo maana naomba turudi nyuma kidogo.

Lakini kwanza ule mkono. Umeuandika kwa sentensi moja na kuupita, mimi siupiti. Kwa miaka niliyofundisha fasihi hapa Lindi, riwaya niliyoizoea kuliko zote ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Humo kuna baba anaitwa Zakaria. Anakuta barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake Rosa, na kwa karatasi hiyo moja anampiga mtoto kipigo ambacho kinamfuata Rosa hadi kaburini. Zakaria naye alikuwa na hakika, na alikuwa na ushahidi mkononi kama ulio nao wewe. Mwanangu, ulimwachia mwenyewe, nami nakushukuru kwa hilo. Ila mke wako ameuona mkono huo, na mtoto ameuona. Ukisikia unawasha tena, toka nje, tembea mpaka baharini huko Shangani, mazungumzo yasubiri. Hapo sina habari ya kupima pande mbili.

Sasa swali lako la mwisho, kwamba mwanamke asiye na jambo anasomea nini kitabu kama hicho. Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa hofu hiyohiyo. Walidhani msichana akimsoma Rosa atakuwa Rosa. Baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa darasani, nami nikakifundisha. Wasichana wangu walilia, tena hawakumlilia Rosa peke yake, wengine walilia kwa sababu ya Zakaria, maana walimjua, alikuwa nyumbani kwao. Mtu anaposoma riwaya hukai wewe kumpangia aingie mlango upi. Umeamua kwamba mke wako ameingia kwa mlango wa Anna na wewe umewekwa kwa yule mume. Pengine ndivyo. Pengine aliingia kwa mlango ambao hujaufungua.

Tuangalie na hiyo penseli. Kitabu ni cha mtumba. Kabla ya kufika kwenye ndoo yenu ya unga kimepita mikono ambayo si wewe wala mkeo anayeijua. Herufi za nyuma unasema ni mwandiko wake, nakubali. Lakini mstari ulionyooka hauna mwandiko. Una hakika gani kwamba masikio yalipigwa mstari na yeye, na si na mwanafunzi fulani wa zamani aliyekuwa anajiandaa na mtihani? Ile sentensi ya kwanza ya familia zenye raha ndiyo maarufu kuliko zote humo. Ukimpa mtu yeyote kitabu hicho na penseli, ataanza na hiyo. Mimi niliipigia kwa wino kabisa, na marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza nina shida gani.

Masikio, basi. Tolstoy, aliyekitoa kitabu hicho 1878, hakuandika kwamba masikio ya Karenin, yule mume, yalikua. Anna alipoondoka nyumbani yalikuwa hivyohivyo. Kilichobadilika ni jicho, kwa sababu huko Moscow alikokuwa ameshakutana na Vronsky, yule ofisa wa jeshi. Sehemu hiyo inauma, sikufichi, na aliye ndoani miaka 14 anaweza kuipigia mstari kwa hofu tu, kwamba Mungu aniepushe nisije nikamtazama wangu hivi. Au kwa kucheka. Au kwa kukumbuka masikio mengine aliyokuwa akiyashika zamani. Au kweli kwa kuchoka. Mimi nikiwa huku Lindi sijui, na wewe uliye Mtwara hujui pia, ingawa mnalala kitanda kimoja.

Wewe ni karani wa mizani. Mkulima akikuletea magunia kumi, ukapima mawili, ukamwandikia stakabadhi ya kumi, chama kitakufanya nini? Kitabu hicho kina sehemu nane. Kuna watu wawili humo, Levin na Kitty, ambao wanabeba karibu nusu ya hadithi, nawe hukuwataja hata kwa jina. Yale majani uliyoyaruka ni yao. Levin ni mwenye shamba, na siku moja anashika fyekeo anaingia mstarini na vibarua wake. Mwanzoni mgongo unamuuma, anaona aibu mbele ya wazee wanaojua kazi. Baadaye anasahau saa, mikono inakata yenyewe, jasho linampoza, na akiulizwa amefanya kazi muda gani atasema nusu saa, kumbe jua limekwishapanda. Ni kurasa nzuri ajabu. Mwanamke anayepanga kukimbia na mwalimu mwenzake kwa nini apige mstari ukurasa mzima na zaidi wa mtu mwenye jasho shambani? Sina jibu. Nakuuliza wewe, unayerudi Jumapili na vumbi kwenye kope.

Na zile herufi. Hapa ndipo nilipoinuka kitini nikaenda kutoa nakala yangu, mchwa wamekula sehemu ya mwisho lakini ya nne ipo. Levin aliwahi kumposa Kitty akakataliwa. Wanakutana tena baada ya muda mrefu, wanakaa kwenye meza ya kuchezea karata yenye kitambaa kipya cha kijani. Kitty anachorachora kwa chaki. Levin anaichukua chaki, anaandika herufi za mwanzo tu za maneno aliyoshindwa kuyasema kwa kinywa. Ni swali. Kitty anakunja uso, anasoma, anaelewa, anachukua chaki, naye anajibu kwa herufi. Wanaendelea hivyo mpaka wamekubaliana kuoana. Tolstoy mambo hayo aliyachota kwenye uchumba wake mwenyewe na Sophia Behrs, waliooana 1862.

Kwa hiyo aliyeandika herufi nyuma ya kitabu hicho huenda ameiga mchezo uliomo ndani ya kitabu hicho. Kumwandikia nani, sijui. Umeiona J ukaona mtu. Lakini unasema mwishoni kuna alama ya kuuliza. Haya niambie, sisi Waswahili tukitaka kuuliza tunaanza na neno gani?

Sisemi ndivyo. Nasema tu kwamba uliyaacha magunia manane.

Sasa 2018. Umeipita kama basi la usiku linavyopita kituo kisicho na abiria, ukaniambia si hoja yako. Sikugombezi. Nauliza tu: wewe ulijuaje kwamba mtu anaweza kukaa mbali wiki kadhaa kikazi, akarudi nyumbani akala chakula, akatabasamu, na isijulikane? Hukulijua kwa Tolstoy. Unaisoma safari yake ya Dar es Salaam kwa kamusi ya safari yako ya kijijini. Kuna riwaya ya Mbrazili Machado de Assis, Dom Casmurro, ya 1899. Mume anasimulia jinsi mkewe Capitu alivyomsaliti na rafiki yake. Ushahidi wake ni jinsi mkewe alivyoutazama mwili wa huyo rafiki siku ya mazishi, na sura ya mtoto inayofanana na ya marehemu. Wasomaji zaidi ya miaka mia wanabishana kama Capitu alifanya au hakufanya, na hawatamaliza, kwa kuwa kitabu kizima anayesema ni mume tu. Yeye mwenyewe anaandika akiwa mzee, peke yake, ndani ya nyumba aliyoijenga ifanane na ya utotoni mwake. Barua yako nayo imeandikwa na mume tu.

Turudi kwenye mambo yako matatu. Hotuba ya vipengele saba, Karenin aliitoa. Usiku mmoja alimsubiri Anna, akatembea chumba hadi chumba akiyapanga maneno kichwani kama taarifa ya ofisi, akivunja vidole. Anna alipoingia, maneno yote yaligonga ukuta. Ule mstari wa uongo unaotoka kirahisi unatoka kwenye mazungumzo hayohayo, rudi uangalie. Sisemi daftari lako ni bure. Labda limekusaidia kujua unachoogopa. Ila ukimsomea la kwanza mpaka la saba, utakuwa umemweka kizimbani, na aliye kizimbani hujitetea, hata asiye na kosa.

Mjomba naye simdharau, huku kwetu Kusini neno la mjomba ni zito na ndoa nyingi zimesimama kwa ajili yake. Lakini mjomba ni wa watu waliokwisha kushindwana kusema wawili. Ukimpelekea kitabu cha Kiingereza kama ushahidi, atakuuliza ukurasa gani, na mwanamke ataulizwa mbele ya wazee kwa nini anasoma. Halafu mkeka ukishatandikwa huchagui nani aulizwe nini. 2018 inaweza kukaa hapo katikati.

Moto na kimya: kitabu kitaungua, bodaboda haungui. Mtwara si mji mkubwa. Kijana aliyelipwa elfu kumi kumfuata mwalimu ana wenzake kijiweni, na maneno ya kijiweni hufika sokoni kabla ya jioni. Ningeogopa mke wangu ayasikie kwenye foleni ya dagaa kuliko kwangu.

Ipo njia ya nne ambayo hukuiandika, nayo ina miiba yake. Kumwambia tu kwamba nilikifungua kitabu chako, nikasoma ulipopiga mstari, pakanichoma. Atakasirika kwamba umepekua, na ana haki, hasa simu ikitajwa. Anaweza kukujibu jambo usilolitaka, siwezi kukuhakikishia kwamba hakuna kitu kati yake na huyo mwalimu. Anaweza pia kukuuliza wewe. Hapo utakuwa na la 2018 mkononi, na sikwambii ulitoe au ulifiche. Levin alimpa Kitty shajara zake kabla ya harusi ili asiwe na siri naye, Kitty akalia machozi mengi, akasamehe, lakini alilia. Kuna anayeungama ili mwenzake ajue, na kuna anayeungama ili yeye apate usingizi na mwenzake aukose. Jichunguze uko upande gani. Jambo moja tu halingoji riwaya: kama tangu wakati ule hujapima afya yako, kapime wiki hii.

Umesema alipoulizwa kitabu kinahusu nini alijibu, "Kinahusu watu tu." Wewe uliona anakukwepa. Ningependa kujua ulimuuliza ukiwa umekaa au ukiwa unapita na ndoo ya maji. Kwa mwalimu wa Kiingereza aliyeolewa miaka 14, mume anayesogea na kitabu na kusema nifafanulie hapa penye majani, neno hili sijalipata kwenye kamusi, ni kitu ambacho pengine hakijatokea nyumbani kwenu hata mara moja. Oktoba bado, una majuma kadhaa kabla hawajakuita kwenye mizani.

Zile herufi nilikaa nazo jana baada ya magharibi, taa ikiwaka ng'ambo ya Kitunda. Nilipata sentensi tatu za Kiswahili zinazozienea. Moja ingekuliza, moja ingekuchekesha, na moja niliiandika kwenye karatasi nikakaa naitazama. Sikutumii hata moja. Ukiipata ya kwake, usiniandikie, ni yenu.

Shangazi,
Lindi.